Umri wa Mtoto Mbele ya Hakimu



Jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya mtoto aliyevunja sheria. Hatusemi juu ya mtoto aliyesingiziwa, maana huyo hakosi watetezi. Twasema juu ya yule aliyekosa kweli, akakamatwa, akaletwa mbele ya hakimu, na sasa watu wazima wanaulizana: Tumfanye nini? Tumweke wapi? Kwa muda gani? Majibu ya maswali hayo yamebadilika sana katika muda wa miaka mia na ishirini hivi iliyopita, katika nchi za mbali na katika nchi zetu pia. Sisi si wanasheria. Sisi ni walimu, na kazi yetu siku hizi ni kuwafundisha wale watakaokuwa walimu. Walakini jambo hili lilitujia mpaka mlangoni petu, tena likatukuta na hatia, na tangu siku ile hatukuweza kuliacha.

Basi, tuanze na habari yenyewe.

Tulipokuwa tungali tukifundisha shule ya msingi kijijini, katika Tanzania Bara, tulikuwa na mwanafunzi mmoja mrefu wa kimo, mpole, asiye hodari wa hesabu, lakini mwenye mwandiko mzuri kupita wenzake wote. Jina lake hatutalitaja. Alipomaliza darasa la saba hakuendelea na masomo. Akawa akishinda sokoni akibeba mizigo, na huko akapata marafiki waliomzidi umri. Usiku mmoja watu wazima wawili walimchukua kwenda kuvunja duka. Yeye walimweka barabarani aangalie kama kuna mtu ajaye. Wao wakaingia na panga, na mwenye duka alipoamka wakamkata mkono. Kabla jua halijachomoza wote watatu walikuwa kituoni.

Mwajua adhabu ya kosa hilo? Kwa sheria ya Tanzania, mtu mzima akipatikana na hatia ya unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungo chake hakipungui miaka 30. Kijana wa miaka 16 akiingia kifungoni kwa hesabu hiyo atatoka ana miaka 46, mtu wa mvi, hajapata kuwa na nyumba wala shamba wala mke.

Na karatasi ya mashtaka ilisema kwamba kijana wetu ana miaka 19. Msidhani kwamba kulikuwa na hila. Askari alimtazama kimo, akamwuliza umri, naye kwa hofu, au pengine kwa kutaka kuonekana mwanamume mbele ya wale wakubwa, akajibu, "Kumi na tisa." Ikaandikwa hivyo. Naye akatiwa mahabusu gerezani, katika chumba kimoja na watu wazima.

Miezi ilipita ndipo mama yake akaja kwetu. Alituamkia, akakaa chini, akasema, "Mwalimu, mtoto huyu wewe ndiwe uliyemwandika siku ya kwanza. Nenda ukawaambie umri wake." Tukafurahi, tukidhani kwamba ufunguo wa gereza tunao ndani ya kabati letu. Tukatoa daftari la kuandikishia wanafunzi, tukalifungua. Daftari lilisema kwamba kijana alizaliwa tarehe 1 Januari, na kwa mwaka uliotajwa pale, siku ya lile tendo alikuwa amekwisha kutimiza miaka 18. Tukatazama jina lililo juu yake: tarehe 1 Januari. Tukatazama la juu tena: tarehe 1 Januari. Watoto kumi na mmoja mfululizo, wote wamezaliwa siku ya mwaka mpya! Na mwandiko ulikuwa wetu.

Hapo tukakumbuka. Mwaka ule watoto wengi walikuja bila cheti cha kuzaliwa, nasi tuliwapanga mstari tukawakadiria kwa macho. Aliyekuwa mfupi tulimpunguzia, aliyekuwa mrefu tulimwongezea. Kosa tulilomlaumia askari tulikuwa tumelitenda sisi miaka mingi mbele yake, tena kwa wino mzuri na rula.

Tutarudi kwa kijana huyu. Kwanza yatupasa kueleza kwa nini miaka miwili au mitatu iliyoandikwa vibaya yaweza kumpeleka mtu huku au kule. Maana haikuwa hivyo tangu zamani.

Katika makabila yetu mengi, mtoto akiharibu mali ya mtu aliyeitwa barazani ni baba yake, na baba ndiye aliyelipa. Gereza halikuwako. Lilikuja na serikali za kigeni, na serikali hizo zilikuja na fikira za kwao. Nako kwao, katika Uingereza ya karne ya 19, watoto walitiwa gerezani pamoja na wakubwa, na waliotoka walitoka na elimu ambayo hakuna shule ingependa kuifundisha. Ndipo watu wakaanza kushtuka. Mwanzoni mwa karne ya 20 mkuu wa magereza ya huko, Evelyn Ruggles-Brise, alianza kuwatenga vijana na wafungwa wakubwa, akawaweka katika gereza moja la kijiji kiitwacho Borstal, katika jimbo la Kent, wafundishwe kazi za mikono na masomo. Mwaka 1908 zikatungwa sheria mbili. Moja ilikataza kumfunga mtoto aliye chini ya miaka 14, ikaanzisha mahakama za watoto. Ya pili ilikubali rasmi mpango wa Borstal kwa vijana wa miaka 16 mpaka 21, kwa muda usiopungua mwaka 1 wala kuzidi miaka 3. Jina la kijiji kile kidogo likawa jina la shule za namna hiyo kila mahali zilipopelekwa.

Katika habari za shule hizo iko moja tunayoipenda, na hatuachi kuwasimulia wanachuo wetu. Mwaka 1930 mkuu mmoja, W. W. Llewellin, aliwachukua vijana kutoka Feltham, karibu na London, akaenda nao kwa miguu mwendo wa zaidi ya maili 100 mpaka Lowdham, katika jimbo la Nottingham. Kwa nini kwa miguu? Kwa sababu walikuwa wakienda kujenga mahali pao wenyewe pa kukaa, mahali pasipo ukuta, na mtu atakayekaa pasipo ukuta hana budi kwanza kuaminiwa njiani. Wale walikuwa vijana waliokwisha kuhukumiwa, nao walitembea siku kwa siku katika barabara za watu, mashamba yako huku na huku.

Hatutaki mdhani kwamba mambo yaliendelea hivyo hivyo. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia nyumba za Borstal zilijaa, ukali ukazidi mafundisho, na wengi waliotoka walirudi mahakamani. Sheria ya mwaka 1982 ikaufuta mpango huo kwao. Lakini jina lilikuwa limekwisha kuvuka bahari, na huku kwetu halijafa: Wakenya wazijua sana nyumba za Borstal za Shimo la Tewa, pwani, na Shikusa, upande wa Kakamega.

Katika Tanganyika mambo ya watoto waliokosa yalitengenezwa kwa sheria ya mwaka 1937. Sheria hiyo ilimwita mtoto yule aliye chini ya miaka 12, na kijana yule wa miaka 12 ambaye hajatimiza 16. Aliyetimiza 16 alisimama mbele ya hakimu kama baba yake asimamavyo. Sheria ile ilidumu miaka mingi baada ya uhuru, mpaka mwaka 2009. Angalieni basi: kwa sheria ile kijana wetu wa duka angehesabiwa mtu mzima hata kama tungalileta vyeti kumi.

Kilichogeuza mambo ni mapatano mawili ya mataifa. La kwanza ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, na la pili ni Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990. Yote mawili yalisema kwamba mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18. Na ule wa mwaka 1989 ulitia maneno ambayo twaomba mwalimu aliye darasani ayaandike ubaoni: kwamba kumfunga mtoto kuwe ni njia ya mwisho, na kuwe kwa muda ulio mfupi kadiri iwezekanavyo. Mambo mawili hayo, njia ya mwisho na muda mfupi, yasomwe pamoja. Ziko nchi zilizoshika la kwanza zikasahau la pili.

Uganda ilitunga Sheria yake ya Watoto mwaka 1996. Ilisema kwamba mtoto aliye chini ya miaka 12 hahesabiwi kosa la jinai. Kisha ikaweka mpaka wa muda, nao ni mpaka wa kushangaza: mtoto asiyetimiza miaka 16 asizuiliwe zaidi ya miezi 3, aliyepita miaka 16 asizuiliwe zaidi ya miezi 12, na hata kwa kosa ambalo mtu mzima angepewa adhabu ya kifo, mtoto asizuiliwe zaidi ya miaka 3. Na makosa madogo, kama kupigana, wizi, kuingia katika shamba la mtu, na kuharibu mali, sheria iliyakabidhi kwa mahakama ya kijiji. Wazee wa kijiji wakapewa uwezo wa kupatanisha, kuamuru fidia ilipwe au kitu kirudishwe, kumtaka mtoto aombe radhi, kumwonya, na kumweka chini ya uongozi wa mtu kwa muda usiozidi miezi 6. Uwezo wa kumtia mtoto mahabusu hawakupewa. Mzee wa zamani akifufuka leo akasikiliza shauri la namna hiyo, hataona ugeni mkubwa, ila kwamba mtoto mwenyewe yupo na anaulizwa maneno yake.

Kenya ilitunga Sheria ya Watoto mwaka 2001. Ilikataza kumhukumu mtoto kifo au kifungo cha gerezani. Ilikataza hata mahakama ya watoto kutumia juu ya mtoto yale maneno mawili yanayotumika kwa wakubwa, yaani kutiwa hatiani na kuhukumiwa adhabu. Wengine huyacheka mambo kama hayo, wakisema kwamba neno haliondoi wizi. Sisi tufundishao lugha twajua kwamba mtoto aitwaye mwizi kila siku mwisho wake huitikia. Viboko vilikuwa tangu enzi za ukoloni jibu jepesi la mahakama kwa mvulana aliyekosa, na Kenya ikaviondoa katika adhabu za mahakama mwaka 2003. Kisha sheria mpya ya mwaka 2022 ikapandisha umri wa kuhesabiwa kosa: zamani ulikuwa miaka 8, sasa ni miaka 12, na aliye chini ya miaka 14 yadhaniwa kwamba hajui kupambanua mema na mabaya mpaka ithibitike kwamba anajua. Sheria hiyo ikafungua pia njia ya kumwepusha mtoto na kesi: akikiri kwa hiari yake, yaweza kukubaliwa aombe radhi, arudishe alichochukua, au afanye kazi ya faida, bila ya kusimama kizimbani.

Hata hivyo, juu ya muda tuna neno na ndugu zetu wa Kenya. Kijana aliyepelekwa Borstal aliweza kutiwa humo kwa muda wa miaka 3. Watu wazima wakisikia miaka 3 husema, ni kidogo. Kwa mtu wa miaka 50 ni kidogo kweli. Ni misimu mitatu ya mahindi. Lakini hebu mwalimu na ahesabu pamoja na wanafunzi wake: mtoto wa miaka 15 katika miaka 3 hubadilika sauti, hurefuka, hubalehe, huacha kumtii mama na kuanza kumsaidia, huchagua kazi na marafiki. Miaka hiyo haina ya kuifidia. Mwaka mmoja wa mtoto hauwi sawa na mwaka wa mzee, kama vile debe moja la maji si kitu kwa bahari na ni mengi kwa mtungi. Kwa maoni yetu, kipimo cha Uganda kimelijua jambo hilo kuliko vipimo vingine vya Afrika Mashariki.

Sasa twarudi Tanzania. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilifuta ile ya 1937. Ilisema kwa maneno yasiyo na pembe kwamba mtoto asihukumiwe kifungo cha gerezani, na mtoto hapa ni yule ambaye hajatimiza miaka 18. Aliye chini ya miaka 10 hahesabiwi kosa, na wa miaka 10 mpaka 12 hahesabiwi isipokuwa imethibitika kwamba alijua atendalo si haki. Shauri la mtoto husikilizwa faraghani, afisa ustawi wa jamii akiwapo, na mzazi au mlezi ana haki ya kuwapo. Mahakama yaweza kumwachilia kwa masharti, au kumweka chini ya uangalizi, au kumpeleka shule ya maadilisho. Shule hiyo iko Irambo, mkoani Mbeya, na kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo moja tu kwa Bara nzima. Fikirini juu ya mama wa Mara au wa Mtwara atakaye kumwona mwanawe. Tena sheria yamwagiza hakimu, akiona kwamba yule aliye mbele yake yaelekea ni mtoto, afanye uchunguzi wa umri wake. Mwaka 2016 zikatolewa kanuni za kuendesha mahakama za watoto, zikafafanua hayo yote zaidi.

Maneno ni mazuri. Lakini mwaona pale yanapokaa: yote yamesimama juu ya tarakimu moja. Sheria yote hiyo, kurasa kwa kurasa, haimfikii mtoto ambaye karatasi yake imeandikwa 19.

Basi sisi tulifunga lile daftari, tukamwambia mama yule kweli yote. Tulidhani atakasirika. Alinyamaza, kisha akasema, "Bibi yake hatupi kitu." Tukaenda kwa bibi. Bibi akavuta sanduku la mbao chini ya kitanda, akatoa kitenge, akatoa picha za marehemu, akatoa risiti za kodi za zamani zile, na chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni, ikatoka kadi ya kliniki ya kijana, na alama za kupimiwa uzito zimepangwa mwezi kwa mwezi. Siku ya tendo lile alikuwa na miaka 16 na miezi minne.

Mahakamani hakimu alimsikiliza bibi, akaitazama kadi, kisha akatugeukia sisi na daftari letu, akauliza, "Mwalimu, mwandiko huu ni wa nani?" Tukajibu kwamba ni wetu. "Na tarehe hii mliipata wapi?" Tukajibu kwamba hatukuipata mahali popote. Hatujapata kusikia aibu kama ile mbele ya watu, lakini jibu lile ndilo lililokuwa na faida. Maana tungeliitetea tarehe yetu, kadi ya bibi ingekuwa na mpinzani. Hakimu akaona kwamba kijana ni mtoto. Shauri lake likatengwa na la wale wakubwa, likasikilizwa kwa taratibu za mtoto, na mwisho akaachiliwa kwa masharti, akae kwa bibi yake chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii. Wale wakubwa walifungwa miaka 30 kila mmoja.

Alikuwa amekaa mahabusu ya watu wazima miezi saba. Aliporudi hakupenda kulala mlango ukiwa nyuma yake, na yalimtoka maneno ambayo bibi alimwomba asiyatamke mbele ya wadogo zake. Hakutusimulia mambo ya humo ndani, nasi hatukumwuliza.

Hapa twajua kwamba wako wasikilizaji wanaotikisa vichwa. Twawasikia wakisema, "Ninyi walimu mwawadekeza wahalifu. Samaki mkunje angali mbichi." Methali hiyo twaikubali. Lakini mtu huyo huyo akienda sokoni husema, samaki mmoja akioza, wote wameoza; kisha akirudi nyumbani ataka samaki wake mbichi atiwe katika pakacha la waliooza, ati akunjike humo.

Lakini mwenye duka yuko, naye hasemi kwa methali. Tulikutana naye baada ya shauri kwisha. Tulimwamkia, akaitikia. Tukaanza kumweleza sheria, umri, na mkataba wa mataifa. Akatusikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akapandisha mkono wa shati, akasema, "Mwalimu, wewe una mwanafunzi wako. Mimi nina kovu langu." Hatukuwa na jibu. Ndivyo ilivyokuwa: katika shauri lote lile tangu mwanzo hata mwisho hakuna aliyemwuliza mtu yule ni kitu gani kingemtuliza moyo. Aliitwa kama shahidi, akatoa ushahidi, akaambiwa aende. Sheria mpya zimejifunza kusema na mtoto aliyekosa. Hazijajifunza vya kutosha kusema na aliyekosewa. Ndiyo maana twazipenda zile njia za fidia na kuomba radhi zilizomo katika sheria ya Uganda na katika sheria ya Kenya ya 2022. Mwenye duka angeketi katika baraza la namna hiyo. Labda asingesamehe, lakini angekuwa na kiti.

Bibi ya kijana hakungoja sheria. Alimpeleka mjukuu wake kwa mwenye duka pamoja na mbuzi mmoja. Mara ya kwanza walirudishwa na mbuzi wao. Walikwenda tena baada ya mavuno. Mara hiyo mbuzi alipokelewa, lakini kijana hakuambiwa karibu ndani, alisimama uani. Mpaka tulipohamishwa kuja chuoni mambo yalikuwa yamefika hapo.

Kwa ninyi mlio vijijini tuna maneno machache ya kazi, nasi twayasema polepole ili anayetaka aandike. Mtoto akikamatwa, mzazi au mlezi aende kituoni siku ile ile, wala asingoje kuitwa, na aende na karatasi yoyote yenye tarehe: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo. Aseme umri wa mtoto waziwazi, aombe uandikwe, na aombe afisa ustawi wa jamii aarifiwe. Kama shauri limekwisha kufika mahakamani, amwambie hakimu, kwa maana hakimu ana wajibu wa kulichunguza jambo hilo. Asiyekuwa na karatasi aende na mtu mzima aliyekuwapo mtoto alipozaliwa, anayeweza kulitaja tukio linalojulikana: mwaka wa mafuriko, mwaka wa uchaguzi, mwaka daraja lilipojengwa.

Na ninyi wenye watoto wadogo, msingoje hata siku hiyo. Tanzania Bara imeweka mpango wa kuwaandikisha watoto walio chini ya miaka 5 na kuwapa vyeti bila ya malipo katika zahanati na ofisi za kata. Mpango huo ulifika Mbeya mwaka 2013, kisha ukaenea katika mikoa mingine. Cheti hicho wengi hukitafuta kwa ajili ya shule. Wachache hukumbuka kwamba chaweza kuulizwa na hakimu.

Chuoni kwetu kuna somo la kutunza madaftari ya shule, somo ambalo wanachuo wote hulichukia, nasi hatuwalaumu. Kila mwaka tunapofika katika safu ya tarehe ya kuzaliwa twawaonyesha nakala ya ukurasa ule wenye watoto kumi na mmoja wa tarehe 1 Januari. Majina tumeyafunika kwa karatasi. Huwauliza wameona nini, nao hucheka. Kisha huwaambia kwamba mtoto asiye na cheti wala kadi aandikiwe neno moja, "haijulikani", na mwalimu amtume mzazi akatafute, aulize tena muhula ujao, na ule unaofuata, mpaka ijulikane. Mwaka huu mwanachuo mmoja aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, na mkaguzi akija akikuta nafasi tupu?" Tulimjibu kwamba amwonyeshe mkaguzi neno lile, na kama mkaguzi atamlaumu, atulaumu sisi.

Tumemaliza. Kwa herini.